Sabuni Ndani ya Mizinga

Kila ninapopita asubuhi mbele ya maduka ya mtaa wa Kimanga, mjini, harufu ya sabuni ya vipande hunifanya nikaze mwendo. Wengine husema ni harufu ya usafi. Mimi hunikumbusha woga wangu nilipokuwa na miaka tisa, na hadi leo nakasirika.

Tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Kiringye kutoka kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mto Ruzizi. Kule kipindupindu kilitufundisha somo moja tu: sabuni. Sabuni kabla ya kula, sabuni baada ya choo, sabuni mpaka vidole vinachanika. Mama aliosha hata mafiga, nami nilikuwa mwanafunzi wake hodari.

Babu alirudi na wazo lake moja. Zamani watu walimwita Mwenye Nyuki, na kambini hakuna aliyemwita hivyo. Alitaka kulisikia tena jina hilo kabla hajafa. Alilisema wazi, bila haya. Mizinga yake sita ya magogo ilikuwa kwa rafiki yake, Mzee Deo, ambaye hakukimbia. Aliishusha mitini watu wasije wakaifanya kuni, akaificha katika banda lake la mbuzi. Tuliikuta imejaa utando wa buibui, vifuniko vimeoza.

Wazee hao wawili wakaanza kuitengeneza. Walichonga vifuniko vipya, wakasokota kamba. Ndani hawakugusa. Kulikuwa na nta kuukuu, nyeusi kama masizi, nami nikaona ni uvivu wa wanaume. Alasiri moja walipokwenda kukata fito, niliyaburuta magogo yale, yaliyopasuliwa katikati, nusu moja moja, hadi kwenye mfereji wa mashamba. Niliyasugua ndani kwa sabuni na mchanga mpaka yakang'aa, nikayarudisha bandani, nikakaa kungoja sifa.

Macho ya Babu yalikuwa na ukungu, na pua yake ilikwisha zamani kwa ugoro. Alipigapiga gogo kwa kiganja, akaniambia kwa furaha, "Mujukuu, nyuki haziingii ju ya uzuri wa muti. Iko ile nta ya zamani yenye inaziita."

Sifa zangu nikazimeza. Mzee Deo aliinamia mzinga, akanusa, akaniangalia kidogo, kisha akaendelea kufunga kamba.

Mizinga ikatundikwa kwenye migunga. Maua yakaja, nyuki wakapita juu yetu kundi baada ya kundi, wakaenda kukaa kwenye dari la kanisa. Padri akapata asali bila kuinua panga. Babu alikaa chini ya mizinga yake kila siku, shingo juu, akisikiliza.

Jumapili moja, watu wakitoka misani, alimsimamisha rafiki yake.

"Minye nilikuachia mizinga yenye kulia. Weye umenirudishia bubu. Uliiwekea nini?"

Watu wakageuka. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo ya Babu. Mzee Deo alivua kofia, akaniangalia kwa muda mrefu, akaivaa tena, akaenda zake. Tangu siku hiyo akaitwa mlozi, mchawi aliyefukuza nyuki, na Babu hakunywa tena naye pombe ya ndizi. Babu alipokufa, Mzee Deo alisimama kwenye barabara akilia. Wajomba walimkataza kufika kaburini.

Mwaka jana nilipanda pikipiki nikaenda kumwambia. Nilimkuta anabambua karanga. Niliungama yote. Hakushangaa.

"Ile siku minye nilisikia harufu ya sabuni," alisema. "Lakini namna gani muzee anamutupia mutoto kosa mbele ya watu? Nilikuwa nangojea weye useme."

Akanisogezea karanga. Sikuweza kula.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba nilikuwa mtoto, kwamba sikujua. Kuhusu sabuni, kweli sikujua. Lakini Babu aliishi miaka miwili baada ya Jumapili ile, na tulilala chumba kimoja. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza kama nimesikia nyuki, nami nilimjibu, "Bado, Babu."