Kumfundisha Mkwe Nguo za Wageni

Niliishia darasa la pili, na sioni haya kulisema. Kiingereza changu nilikiokota kwenye beseni. Nimefua nguo za wageni hapa Mtwara mjini tangu sina hata mvi moja, na nyumba yangu ya Naliendele, matofali na bati, imetoka kwenye povu la sabuni. Mtu asiniambie sijui Kiingereza. Habari za siasa siziwezi, ila nguo yoyote utakayoitoa kapuni, jina lake ninalo.

Mkwe wangu alikuwa analima mpunga Mahurunga. Ruvuma ilipofurika ikaondoka na shamba lake, ukabaki mchanga. Akaja kukaa kwangu na binti yangu, binti ana mimba, na haikupita muda nikawasikia wakinong'ona kwamba akikosa kazi atavuka kwenda Msumbiji kwa ndugu zake. Nimewaona wanaume wakiuvuka mto ule wakaacha wake na vichanga. Wengine walirudi, wengine mpaka leo. Nikasema mwanangu hatazaa bila mume nami niko hai.

Hoteli moja ilikuwa inatafuta mtu wa kufua. Sharti ajue majina ya nguo kwa Kiingereza, maana mgeni akiulizia nguo yake, mfuaji lazima aelewe anaulizia nini. Nikamwambia binti amwambie mumewe kuwa ataanza kusoma kesho asubuhi. Hivyo ndivyo tulivyozungumza mimi na mkwe, kupitia kwa binti. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, na yako maneno hayatoki mdomoni mmoja akiwa mbele ya mwenzake. Nimelelewa hivyo, nami nikalea hivyo.

Nikafunga kamba kati ya mikorosho miwili, nikaanika shuka. Mimi upande huu na kapu la nguo, yeye upande wa pili. Nanyanyua nguo juu ya shuka, nasema jina, anaitikia. Shati, soksi na koti hazikumpa tabu, Waswahili tulishazichukua zamani, kazi ni kunyoosha ulimi tu. Trousers ilimtoka kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Mkanda ni belt, hereni ni earrings, miwani ni glasses, maana mfukoni mwa mgeni unakuta kila kitu na lazima ujue unarudisha nini. Akikosea, simpi nguo nyingine mpaka aseme sawasawa. Binti akaniomba nimwonee huruma, mume wake amechoka. Nikamjibu kuwa huruma hailishi mtoto.

Tulipofika nguo za ndani ikawa shughuli. Siwezi kumnyanyulia mkwe chupi. Nikamnong'oneza binti jikoni, binti akayapeleka maneno chumbani kwao, nikadhani yamekwisha.

Siku ya majaribio akatoka amevaa shati nililolipiga pasi mwenyewe. Akarudi mapema mno, kichwa chini. Binti ndiye aliyenisimulia. Msimamizi wa hoteli alikuwa mama mtu mzima, rika langu. Alitoa nguo moja moja, mkwe akajibu vizuri, hata yule mama akatabasamu. Kisha akatoa sidiria. Mkwe wangu akageuka, akampa mgongo mama wa watu, akasimama akitazama ukuta. Akaulizwa kama anaumwa. Akazidi kuusogelea ukuta. Akaambiwa arudi keshokutwa, na asipojibu, nafasi ataipata mwingine.

Binti alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akalia. Mimi sikucheka. Jina la ile nguo alikuwa nalo, lakini pale mbele yake alimwona mama mkwe, na adabu iliyomgeuza ukutani ni ile ya nyumbani kwangu. Alikosa ruhusa.

Ruhusa kwetu ina njia yake. Mkwe akitaka kuondolewa haya huleta kitu, na mama mkwe akikipokea kwa mkono wake, midomo imefunguka. Kwa kawaida jambo hilo husubiri mtoto wa kwanza azaliwe na wajomba wa binti wakae kikao. Sikuwa na muda wa kusubiri wajomba. Nikamwambia binti, "Mwambie mumeo alete kanga leo leo."

Akaleta doti nzima, nikaipokea kwa mkono wangu. Nikajifunga moja, nyingine nikajitanda, nikaishusha shuka kambani, nikakaa kwenye kigoda nikimwelekea. Macho yake yakabaki kwenye kapu. Na mimi, nisidanganye, mkono ulikuwa mzito.

"Baba," nikamwambia, "nitazame."

Akatazama kidogo, akashusha macho. Nikarudia. Alipotulia nikanyanyua sidiria.

"Hii nini?"

"Mama, jamani."

"Mama jamani haivaliwi. Hii nini?"

"Bra," akasema, kama mtu anayekiri wizi kituoni.

"Sema wasikie hata majirani."

Jirani kweli alisikia. Ni mtani wangu, na mdomo wake hauna mlango. Akaja mpaka kwenye ua. "Leo mkwe anaonyeshwa sidiria mchana kweupe. Kesho utamwonyesha nini, shoga?"

"Kesho nitakuonyesha mkwe mwenye kazi. Wako yuko wapi?"

Akaondoka, maana mkwe wake alivuka mto. Nikaendelea na kapu. Tulikwenda hivyo mpaka mkwe akawa anataja kila nguo ya ndani huku ananitazama, na jasho limemkauka.

Keshokutwa ile alirudi jioni kutoka hotelini. Hakumtuma binti. Akasimama mbele yangu mwenyewe. "Mama, nimepata. Naanza Jumatatu."

Wajomba walikuja baadaye kuniuliza nani aliyenipa haki ya kuharakisha jambo lao. Nikawaambia ruhusa nimeitoa mimi. Kama wana shamba la kumpa mkwe wangu walilete, na kama hawana, chai iko mezani. Wakanywa chai.