Klachi ya Feni Iliyonifikisha Kanisani

Kuna siku ninayoikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho, mwanangu, nayo ni siku ya harusi yangu. Wenzangu hukumbuka keki. Mimi nakumbuka feni ya gari.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Ngoliba, na jua la Ngoliba unalijua. Baba yangu alikuwa na gari la Kijerumani la zamani, jeusi, alilolitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Dada zangu wote wawili alikuwa amewapeleka kanisani ndani yake, akiendesha kwa mikono yake. Nilibaki mimi, kitinda mimba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na sote tulijua kwamba baada yangu hatabeba bibi harusi mwingine.

Basi wiki ileile ya harusi gari likaanza kuchemka. Likikimbia barabarani, upepo ulilipoza. Likienda polepole, mshale wa joto ulipanda. Ugonjwa ulikuwa klachi ya feni, kile kifaa cha mviringo kinachoishika feni izunguke kwa nguvu injini inapopata moto. Na harusi ya kwetu haikimbii, mwanangu. Kina mama wa upande wa bwana harusi huja kuimba langoni mpaka wafunguliwe, kisha hutembea mbele ya gari wakicheza hadi kwenye lami. Nilijiona nimesimama vumbini na shela langu, mvuke ukifuka, wakwe wakitazama. Mjomba alisema angeleta gari lingine. Nilikataa. Nilitaka kupelekwa na Baba.

Tukaenda Ruiru kwa Njoroge, fundi wake wa siku zote.

"Mzee, hii tuifunge tu na bolti, feni izunguke saa zote," Njoroge alisema. "Hapa mtaani wengi tumewafungia hivyo na wanatembea."

"Na ikifungwa, itapumzika saa ngapi?" Baba akamuuliza.

Njoroge akacheka, akakuna kichwa. Alikubali kwamba feni iliyofungwa huvuma kutwa nzima, hula nguvu ya injini, na mwishowe huchosha pampu ya maji. Mimi nikaingilia kati, maana subira haikuwa fungu langu. "Baba, si tufunge tu? Harusi ni ya siku moja."

"Harusi ni ya siku moja," Baba alisema, hilo tu. Njoroge akaifungua ile klachi mbovu, na Baba akaiviringisha kwenye gazeti. Tukaliacha gari hapo, tukapanda kwenda Thika.

Mwenye duka la vipuri akatoa klachi mpya, inang'aa hata nikajiona pua. Akaapa kwamba inaingia kila gari la aina ile. Nikasema moyoni, Mungu amejibu. Baba akaiweka kando ya yetu juu ya kaunta, akainama mpaka pua ikakaribia kuzigusa. Ile mpya ilikuwa nene zaidi kwa upana wa kidole. Feni ingesogea mbele mno, na siku injini ikitikisika mapanga yake yangeitoboa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Akashukuru, akairudisha. Nyumba njema si mlango, mwanangu. Methali hiyo niliijua tangu shule, ila sikujua kwamba inahusu na vyuma.

Tukaishia mtaa wa Landless, palepale Thika, kwa Mama Wairimu, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari yaliyovunjwa. Alikuwa na klachi mbili sawa na yetu, zote chafu. Ningechagua ile yenye uchafu kidogo. Baba alipitisha kidole pembeni mwa kila moja akitafuta mafuta yaliyovuja, akazizungusha polepole mkononi, kisha akauliza, "Mama, una maji moto?"

"Ya chai iko kwa jiko, mzee. Keti."

"Si ya kunywa."

Usoni mwa klachi hiyo pana kibati chembamba, na chini yake kipini kidogo. Baba akaimwagia ya kwanza maji yanayochemka. Kibati hakikusogea. Akaimwagia ya pili, na kibati kikaanza kujipinda, polepole, chenyewe, na kipini kikainuka kukifuata. Hapakuwa na waya wala betri, wala mkono wa mtu. Alipoimwagia maji baridi, kibati kikanyooka tena, bila haraka. Mwanangu, nilisisimka mwili mzima. Nimeona maporomoko ya Chania mto ukiwa umejaa, na hayakunishika hivyo. Kitu kile kilikuwa kimelala miaka ndani ya gari bovu, na bado kilijua kazi yake.

Mama Wairimu alikuwa amechutama karibu yangu. "Kumbe hii kitu inaskia," alisema kwa sauti ya chini. "Hebu rudia, mzee." Baba akarudia, nasi tukatazama tena. Tukainunua hiyo ya pili, na Njoroge akaipachika kwenye gari.

Jumamosi kina mama waliimba langoni mpaka nikachoka kusubiri, kisha wakatutangulia kwa madaha, na gari likawafuata kwa mwendo wa kobe. Nikiwa kiti cha nyuma niliuona mshale ukipanda. "Baba, piga honi wasogee," nikasema.

"Wacha waimbe."

Mshale ukapanda zaidi. Nilikuwa nimeuma shela. Ndipo nikausikia mvumo mbele yetu, ukianzia chini na kukua, kama mvua inayokuja juu ya mabati. Feni ilikuwa imeshikwa. Mshale ukasita, ukashuka, na baada ya muda mvumo nao ukatulia, zikabaki nyimbo. Niliogopa kwa furaha, kama kuna neno la hali hiyo.

Kwetu baba hamfundishi binti mambo ya ndoa. Hiyo ni kazi ya shangazi. Baba alinitazama tu kwenye kioo na kusema, "Umesikia? Moto ukija, inashika. Ukiisha, inaachilia." Kisha akashika lami mpaka Ruiru, mlangoni mwa kanisa.

Sasa wewe unataka kuoa, mwanangu, nami nakupa nilichopewa. Wengi hufanya kinyume. Nyumba ikiwa baridi humkaba mwenzao, umeenda wapi, umeongea na nani. Nyumba ikipata moto ndipo hutafuta viatu waondoke. Wengine wamefungwa bolti, wanavuma asubuhi hadi jioni, na anayechoka ni yule wanayempenda. Vyombo vya kabati moja havikosi kugongana, na mimi na baba yako tumegongana sana. Lakini joto lilipopanda tulishikana, na lilipopoa tuliachiana nafasi ya kupumua. Basi chagua hivyo. Usiangalie mng'ao, angalia mtu anafanyaje akimwagiwa maji ya moto, na anza kwa kujiangalia wewe.

Mungu akupe moyo unaosikia joto la nyumba yako kabla hujaambiwa, na mkono unaojua kushika na kuachilia. Na kina mama wakiimba mbele ya gari lako, usipige honi.