Babu alijifanya hana nguvu siku ya kipimo cha kutembea

Wakuu, hamujambo huko muliko. Mimi ni musichana wa miaka kumi na sita, ninasoma hapa Kasongo. Kawaida ninasoma nyuzi zenu na kunyamaza. Leo nimejikaza, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Babu yangu analima kule Wamaza. Mwaka huu kitu kilianza kumupigapiga tumboni, kama vile moyo umeshuka chini ya kitovu. Ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo, ikaonyesha mushipa mukubwa wa damu umevimba.

Dokta akasema ukipasuka, hata kufika hospitali hatafika. Inabidi apelekwe Bukavu wamupasue.

Lakini kabla ya kuandika transferi, ile barua ya kumutuma hospitali kubwa, dokta alitaka kujua kama moyo na mapafu ya babu vinaweza kubeba upasuaji mukubwa vile.

Kipimo chenyewe: kutembea ndani ya koridori dakika sita, kwenda na kurudi, haraka unavyoweza bila kukimbia. Kisha ngazi. Hakuna mashine kubwa, ni saa tu na kale kadude kanabana kidole kupima hewa ndani ya damu.

Mimi ndiye nilimusindikiza.

Wakuu, sikumujua babu yangu! Mutu anasukumaka baiskeli yenye bidoni, madumu ya mafuta ya mawese, kwenye kilima, mimi niko nyuma ninalia "babu, ningoje!" Siku hiyo anaburuza miguu, anashika ukuta, "ayii mama, ayii mama". Muuguzi akamukimbizia kiti.

Dokta alipoinama kuandika, babu akaninong'oneza, uso unang'aa:

"Umeona? Nikitembea kama askari, atasema niko muzima, nirudi nyumbani."

Dokta akainua kichwa. "Muzee, pole. Kwa nguvu hii, kisu kitakumaliza kabla ya ugonjwa. Bukavu sikutumi. Tutabaki na dawa."

Ule uso wote wa babu ukazimika. Muzee mwenye wajukuu kumi na wawili, ataanzaje kusema alikuwa anaigiza?

Na mimi ni mutu wa haya sana. Darasani hata jibu ninalijua ninaangalia chini. Lakini niliona tukitoka pale hivyo, babu atakufa.

"Dokta, babu amedanganya."

"We mutoto!" babu akafoka.

Nikaendelea hivyo hivyo, jasho linatoka, nikaeleza baiskeli, mawese, kilima, yote. Juma moja tu lilikuwa limepita tangu apande kile kilima.

Dokta akacheka mpaka akavua miwani. "Muzee wangu, ugonjwa tulishauona kwa ekografi. Hapa tulikuwa tunatafuta nguvu!"

Wakamupumzisha vizuri, wakamupima tansiyo, ile nguvu ya damu, kisha wakarudia. Safari hii dokta mwenyewe, na saa yake mukononi, alimufuata akashindwa, akabaki nyuma. Juu ya ngazi babu akamugeukia:

"Mutoto wangu, wewe ndiye unahitaji kipimo."

Transferi ikaandikwa palepale.

Bukavu walimupasua, akapona. Sasa yuko Wamaza, ananuna kwa sababu wamemukataza kusukuma baiskeli kwa muda.

Nilichojifunza: wakikuambia utembee, tembea nguvu zako zote. Ukichoka kweli, sema. Usipunguze, usiongeze. Wanapima kama utaamuka kitandani kisha kupasuliwa, hawapimi kama unastahili kuhurumiwa.

Na wewe unayesindikiza, usione haya kusema.

Babu sasa ananiita "Mushitaki" mbele ya watu wote. Kila akiniita, ninaitika kwa sauti.

Wazee wenu nao wanaigizaka kwa dokta? Nielezeni, nitasoma zote, na safari hii nitajibu.