Kidude cha Kuhesabu Hatua za Shangazi

Miaka ile ya hamsini, nilipomaliza shule na miguu ikaanza kuniwasha, nilipata kazi ya ukalimani kwa mzungu mmoja aliyekuwa anapima mwendo wa watu. Tulianzia Mbalizi, upande wa Mbeya, kisha tukaja Kihesa, Iringa, kwa shangazi yangu. Mzungu huyo alikuwa na kidude mfano wa saa ya mfukoni. Ukikifunga kiunoni kinahesabu hatua zako.

Serikali ilikuwa itoe bomba moja la maji pale Kihesa, na lingewekwa upande ambao wanawake wanatembea zaidi kufuata maji. Shangazi, ambaye goti lilikuwa linamsumbua, alilitaka bomba hilo kuliko kitu chochote. Akavaa kidude kutwa nzima. Jioni bwana mpima alipokisoma alikunja uso, hatua zilikuwa nyingi mno. Akaniambia nimuulize kama alimfunga mbuzi kidude hicho. Kama ni udanganyifu, upande wetu unafutwa.

Kesho yake akaamua kumfuata mwenyewe, mimi nyuma yake. Shangazi alishuka mtoni, akajaza debe, akapanda na jirani yake. Walipofika mlangoni kwa shangazi, hakutua debe. Akasema anamsogeza mwenzake kidogo. Wakafika kwa jirani. Jirani naye akaona vibaya kumwachia arudi peke yake, akamsogeza. Wakaenda hivyo na kurudi, madebe kichwani, wakicheka, huku bwana mpima akihema ndani ya mabuti yake.

Akamuuliza shangazi kwa nini asitue kwanza.

“Nikitua ndiyo tumeagana, baba.”

Bwana mpima akasema basi mto si mbali, kinachowachosha ni maneno. Nikajua shangazi anaona bomba linaondoka. Kisha akaniambia, “Mwambie hivi, mwanangu. Lile debe lingenishinda njiani kama si huyu mwenzangu. Apime vyote.”

Nikatafsiri. Mzungu alitazama kidude, akamtazama jirani, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Bomba liliwekwa upande wetu, pale njiani walipokuwa wakisindikizana. Asubuhi ya kwanza shangazi alichota, akafika nyumbani uji haujachemka bado. Akakaa kizingitini akinyoosha goti lake, hajui afanye nini na asubuhi yote ile. Mwishowe akamimina maji mtungini, akabeba debe tupu akarudi bombani. Jirani yake alikuwa ameshafika, anamngoja.