Mshale wa Nisubiri

Fundi Nsiah hakuwa mtu wa kuuliza gari limeharibika nini. Aliuliza limeanza lini. Pale Suame Magazine, mtaa wa magereji, kati ya mabodi yaliyopasuliwa na ardhi iliyolowa oili mpaka ikawa nyeusi, mafundi wenzake walimcheka. "Nenda kwa Nsiah," waliwaambia wateja, "lakini kwanza ukamsimulie ulivyozaliwa." Yeye aliendelea kukwangua waya kwa meno. Alikuwa fundi umeme wa magari ya zamani, na magari hayo yalikuwa yanakwisha, kama marafiki zake.

Nilimfahamu kwa sababu nilipanga chumba kwa Foriwaa, mjane wa rafiki yake Dabo. Lori la Dabo, Bedford la bodi ya mbao, lilisimama uani mbele ya dirisha langu. Kwenye paji lake liliandikwa kwa rangi nyekundu Twɛn Me, yaani Nisubiri. Dabo alilibebea viazi vikuu kutoka Ejura miaka yote, na waya zote za lori lile zilifungwa na mkono wa Nsiah. Kila alipotaka kuondoka, Dabo aligonga kioo cha geji ya chaji kwa ukucha, mara mbili. Mshale ukitikisika, alicheka, akaenda.

Alipokufa, lori halikuwa la Foriwaa wala la watoto. Kwetu mali ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake, naye alikuwa Tawia, kijana mpole anayependa shati lililopigwa pasi. Aliliacha uani kwa heshima, mpaka mazishi ya kutimiza mwaka, siku ya ukoo kumkumbuka maiti, yalipokaribia. Hapo akaja na betri iliyojaa, akawasha, akazunguka mtaa. Aliporudi shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama," alimwambia Foriwaa, "mshale wa chaji unakwenda kinyume. Nikikanyaga mafuta, unasema betri inaisha. Nikizima, nikachomoa ufunguo, unasema inajaa. Inajazwa na nani?"

Foriwaa alikuwa anakanda unga wa mikate. Hakuinua macho. "Muulize mjomba wako."

Asubuhi betri ilikuwa imekufa. Tawia akaleta nyingine, nayo ikafa. Kila jioni betri mpya ilipofungwa, chini ya boneti kulitoka mvumo, na injini imezimwa. Niliusikia mwenyewe dirishani: mdogo, wa chini, kama mtu aliyelala chumba cha pili anayekaribia kusema jambo. Ukiweka mkono kwenye boneti, upande mmoja ulikuwa na joto. Nilianza kufunga dirisha mapema. Foriwaa yeye aliwaacha watu wakale, akapanda lorini, akakaa kiti cha abiria, mikono mapajani, mpaka mvumo ulipokatika.

Habari zilifika kwa mkuu wa ukoo, Mzee Amponsem. Akaamua kwamba Dabo hajaondoka, na kwamba aliyemfunga ni mwanamke asiyetaka kuachia lori. Jumamosi ya mazishi, Foriwaa angeapishwa mbele ya ukoo, kwa pombe ya tambiko, kwamba hakufanya kitu. Hapa mjane akishaapishwa, hata kama ni msafi, mkate wake haununuliwi tena. Nyumba nayo ilikuwa ya ukoo. Angetoka na sufuria zake.

Tawia ndiye aliyemwita Nsiah. Fundi hakuwa amekanyaga uani tangu siku ya kumzika Dabo. Alikuja Alhamisi mchana na mkoba wa turubai, akanawa mikono bombani kabla ya kugusa lori, kama alivyofanya siku zote kwa Dabo.

"Unanawa kwanza?" Tawia aliuliza. "Wenzako hunawa wakimaliza."

"Wewe piga pasi, baba."

Mzee Amponsem alikuwa amefika, ameketi kivulini na vazi lake begani. "Usimsumbue maiti bure, Nsiah. Hili si la spana."

"Likinishinda nitakupa wewe spana, mzee, ujaribu."

Alianza na mengine, kwa betri ya jana iliyobaki na nguvu ya taa tu. Mshale wa mafuta ulianguka kila taa zilipowashwa. Akafuata waya unaoshika fremu ya chuma, akakwangua kutu, ukatulia. Kisha akamwambia Tawia afunge betri mpya. Mvumo ukaja. Mchana kweupe ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na giza la kusingizia. Nsiah akafungua mkanda wa feni, akautoa kwenye dinamo, mashine inayojaza betri.

Dinamo ikaanza kuzunguka. Injini imekufa, ufunguo uko mfukoni mwa Tawia, na gurudumu lake dogo linazunguka peke yake, taratibu, bila haraka. Mzee Amponsem alisimama, vazi likamtoka begani. Foriwaa alisogea karibu, kama anayeitwa.

Nsiah alichomoa betri. Gurudumu likasimama. Alikaa juu ya bampa na kumtazama Foriwaa.

"Imeanza lini, shemeji?"

"Unajua lini."

"Niambie."

"Siku mliyomtoa. Mlipompigia honi."

Dereva hapa huzikwa na gari lake likitangulia jeneza, likipiga honi mpaka makaburini. Lakini Dabo aliugua muda mrefu, na asubuhi ile lori halikuwa na betri. Iliazimwa ya teksi. Sisi sote tulikuwepo. Tuliona ni nani aliyeinama kuifunga, huku akijifuta macho kwa kiwiko.

Nsiah alitazama viganja vyake. "Lori hili," alisema, "fremu inashika upande wa chanya wa betri. Malori haya yalitoka hivyo kiwandani. Teksi zinashika hasi. Nilifunga kama teksi. Mimi, niliyelifunga waya. Mnaofunga sasa mnafuata alama niliyoacha kwenye waya. Ndiyo maana mshale unasema uongo. Na humu," akagusa kisanduku cha kudhibiti chaji, "kuna mdomo mdogo unaofunguka injini ikizimwa, umeme wa betri usirudi kwenye dinamo. Siku ile uliungua ukashikana. Haujafunguka tangu hapo. Betri ndiyo inayoizungusha dinamo. Mkanda ukiwepo, haiwezi kuzunguka, inavuma na kupata moto mpaka betri iishe."

Akamgeukia Mzee Amponsem. "Mzee, Jumamosi ukitaka mtu aape, niite mimi."

Mzee alirudisha vazi begani, akachelewa kulipanga. "Hakuna kiapo," alisema mwishowe. "Mwanamke aoke mikate yake."

Nsiah alichukua bisibisi, akafungua kifuniko. Foriwaa akamshika mkono.

"Subiri. Kwa hiyo hakuwemo?"

Fundi akarudisha betri, vilevile kinyume, akamwachia nafasi. Dinamo ikazunguka. Foriwaa aliweka kiganja juu yake na kuinamisha kichwa, akasema maneno ambayo hatukuyasikia na hayakuwa yetu. Tawia alitazama ukuta. Betri ilipoanza kulegea, Foriwaa mwenyewe alirudi nyuma.

"Haya. Fungua, shemeji."

Ule mdomo ulibanduka kwa mlio mdogo, kama jino linalovunjika. Nsiah akapitisha msasa, akageuza betri, akaiamsha dinamo upya kwa waya mmoja, akarudisha mkanda. Lori lilipowashwa, mshale ulikwenda unakopaswa; lilipozimwa, ulirudi katikati, ukatulia hapo. Jumamosi Tawia aliliendesha mpaka mazishini na kulichukua, na uani likabaki doa la oili na nyasi zilizolala.

Foriwaa hakupoteza mteja hata mmoja. Lakini jioni alikuwa anatoa kiti, anakiweka pale palipokuwa lori, na kukaa. Nsiah alianza kupita baada ya kazi. Alileta kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na samaki, wakala bila maneno mengi. Siku moja nilimsikia Foriwaa akisema, "Kila kitu umekitengeneza, fundi. Na huu ukimya utaufanyaje?"

Nsiah alilamba vidole, akafikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu, kama anavyofikiri juu ya gari.

"Umeanza lini?" aliuliza.

Foriwaa alimtazama. Nilidhani atalia, lakini alisogeza sahani ili amwachie nafasi ya mkono, akaanza kumweleza.