Sauti ya mtu wa nyuma

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya tano, na ziwa halionekani. Ukungu umetanda juu ya Ziwa Ontario mpaka kwenye vioo vya madirisha, na chumba cha mzee Gaétan Poirier kinaonekana kama kimejitenga na jengo na kwenda kuelea peke yake huko nje.

Généreuse Nabintu anakagua mikanda, anauvuta mmoja baada ya mwingine, kisha anabonyeza kitufe. Mwenzake wa zamu ameshika miguu ya mzee, na mashine iliyofungwa darini inanguruma. Mzee wa miaka themanini na moja anaanza kupanda hewani ndani ya kitambaa cha buluu. Kampuni iliyokitengeneza imekipa jina refu. Généreuse anakiita mbeleko.

"Polepole," anasema, amesimama nyuma ya bega la mzee. "Polepole. Tunaenda kushoto. Kushoto kidogo. Polepole."

Mzee amefumba macho. Mkono wake wa kulia umeshika kitu ambacho hakipo, na vidole vinasogea kidogo kila anaposikia neno.

"Basi." Généreuse anabonyeza tena. "Sasa tunashuka. Polepole. Polepole. Nyumbani."

Mzee ametua kwenye kiti chake cha magurudumu. Kwa asiyejua, hapa hakuna habari ya kuandika gazetini. Mtu ametolewa kitandani akawekwa kitini, kazi inayofanyika kila asubuhi katika nyumba zote za wazee za Toronto. Lakini majira kama haya mwaka jana, safari hii fupi ilikuwa vita, na vita hivyo vilikaribia kumpoteza mzee Gaétan akiwa bado hai.

Généreuse ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Bukavu, akapitia Burundi, akafika Kanada akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo, Destin, leo ni mrefu kuliko mlango wa jikoni kwao Malvern. Kazi ya kutunza wazee anaifanya mwaka wa tisa sasa. Analipwa dola ishirini na nne kwa saa, na akitoka hapa huunganisha na kazi ya majumbani.

"Mugongo yangu iko na miaka sitini," anasema akicheka. "Mimi mwenyewe bado."

Alipohamishiwa ghorofa ya tano alikabidhiwa onyo pamoja na funguo: mzee wa chumba cha mwisho anapiga. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamla sehemu kubwa, na kila akinyanyuliwa na mashine aligeuka simba. Kwamboka, Mkenya anayefanya naye zamu, anakumbuka vizuri. Sheria inataka wahudumu wawili kwa kila mnyanyuo, na yeye ndiye aliyekuwa upande wa mkono unaopiga.

"Aki alinizaba kofi moja hapa, nikaona nyota mchana," anasema Kwamboka. "Na vile ni mzee mpole akiwa kwa kiti! Kupanda hakuna shida. Ni kushuka. Ukianza kumshusha tu, amewaka."

Daktari aliandika dawa ya kumtuliza, ya kunywa kabla ya kila mnyanyuo. Ilifanya kazi, tena kupita kiasi. Mzee aliacha kupiga, akaacha kula, akaacha hata kutazama dirishani. Binti yake Amandine, ambaye ameridhia simulizi hii iandikwe, alikuwa akija kila Jumapili na supu ya samaki, na kila Jumapili alimkuta baba yake kidevu kifuani.

Généreuse hafichi alivyojisikia. "Unamuvalisha mutu shati, kichwa inaanguka kama ya mutoto muchanga. Nilisema, Mungu wangu, huyu papa tunamuzima. Tunamuzima kama taa, na mimi njo nashika kifungo."

Kisha ikaja asubuhi ambayo dawa ilichelewa. Généreuse na Kwamboka walimnyanyua hivyo hivyo, huku mazungumzo yao yakiendelea juu ya kichwa chake kama kawaida. Mada ya siku ile ilikuwa harusi moja ya mtaa wa Regent Park ambayo bwana harusi alichelewa kuliko keki. Mashine ilipoanza kushuka, mzee alipiga kelele.

"Polepole! Polepole, Sultan!"

Kwamboka alidhani wamemwambukiza Kiswahili. Lakini hakuna aliyekuwa ametamka polepole siku ile, na katika habari yote ya harusi hapakuwa na Sultan yeyote. Walipouliza, wahudumu waliowatangulia walisema neno hilo ni la zamani. Mzee alikuwa akilitamka kwa makelele tangu alipoletwa, nao wakalihesabu kuwa ni maneno ya ugonjwa.

"Ku nyumba nikiongea Kiswahili, Destin ananijibu Kiingereza," anasema Généreuse. "Nakuja ku kazi, muzungu wa Gaspésie, kule Quebec, ananiambia polepole. Niliogopa, kweli. Alors, nikamupigia Amandine simu."

Amandine alicheka kwenye simu, kisha akalia. Baba yake alikuwa rubani wa helikopta za jeshi la majini, alieleza, na Sultan ni mtu aliyeruka naye. Yuko hai. Anaishi Mississauga.

Alhamisi iliyofuata mtu huyo alishuka kwenye treni na kupanda basi, kisha basi jingine, akiwa na vikombe viwili vya kahawa yenye maziwa mawili na sukari mbili. Abdulsultan Jiwa ni mzee mwembamba wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Tanga, mwana wa mwenye duka la vitambaa. Généreuse alimpokea kwa "Jambo, Papa." Yeye kwa mazoea ya kwao akaitikia kwa "Marahaba" shikamoo ambayo hakuna aliyempa.

Ukimuuliza habari za jeshini, haanzi na vita. Anaanza na ukimya.

"Watu wakisikia nyambizi wanangoja milipuko," anasema. "Sisi kazi yetu ilikuwa kusikiliza tu, bwana. Miaka ishirini na zaidi, kusikiliza."

Helikopta yao iliondoka kwenye sitaha ya meli, ikaenda mbali katika Atlantiki mpaka meli ikapotea, kisha ikasimama hewani. Chini yake upepo wa mapangaboi yake ulichora duara jeupe juu ya maji. Kwenye tumbo lake kulikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo waliteremsha kebo ndefu yenye chombo cha kusikilizia ambacho wenyewe walikiita mpira. "Tunauchovya baharini kama andazi kwenye chai," anasema Abdulsultan. Rubani mbele alikuwa Gaétan. Aliyekaa nyuma, amevaa vipokea sauti, ni yeye.

Anafumba macho anaposimulia, na sauti yake inashuka. Anasema mvua ikinyesha juu ya bahari, ukiwa unaisikiliza kutokea chini, inasikika kama mtu anakaanga vitunguu nyumba ya jirani. Kuna kamba wadogo wanaotatarika usiku na mchana. Kuna barafu inayolia kama mlango. Na kuna nyangumi.

"Nyangumi anaimba, sisi tunamngoja Mrusi. Unamsikiliza mpaka unasahau kama uko juu au uko chini. Gaétan ananiuliza, Sultan, kuna nini huko? Namwambia, kuna harusi."

Nyambizi yenyewe hakuwahi kuiona ikiwa chini, hata mara moja. Anakumbuka asubuhi moja ya ukungu kama wa leo. Walituma mlio majini wakangoja, na mlio ukarudi, mdogo, safi, umegonga kitu. Akamwambia Gaétan: yupo. Wakabaki hapo hewani, wanasikiliza. Kule chini palikuwa na watu nao wameshika pumzi, wakiisikia helikopta juu yao. "Tunajuana, hatuonani," anasema. "Baadaye wakaondoka zao. Mpaka leo nikilala nawaza, wale vijana walifika kwao?"

Helikopta yenyewe ilikuwa ya zamani hata siku zile, na ilivuja. Mafundi waliwatania kwamba ikiacha kudondosha mafuta wasiipande, maana yake yamekwisha.

Neno polepole lilizaliwa kwenye dhoruba. Mpira ulikuwa bado majini, upepo umebadilika, na kebo ilikuwa inayumba kuelekea kwenye tumbo la helikopta. Rubani haoni kilicho chini yake. Macho yake ni sauti ya mtu wa nyuma, anayemwambia songa, rudi, shuka, simama.

"Kiingereza kikanitoka chote," anasema Abdulsultan. "Nikabaki na cha mama yangu. Polepole, Gaétan. Polepole. Basi. Neno halijui, lakini sauti aliijua. Mpira ukapanda, ukaingia kwenye tundu lake, nikamwambia nyumbani."

Tangu siku hiyo wakawa hawatumii maneno mengine. Miaka kumi na moja Gaétan Poirier aliruka juu ya bahari ya baridi akiongozwa kwa maneno ya Tanga. Na kanuni yao ilikuwa moja: mtu wa nyuma hanyamazi. Hata kama hana la kusema, aseme, kwa sababu akinyamaza rubani anajua jambo limeharibika.

Alhamisi ile ya kwanza Abdulsultan aliomba kusimama ukutani atazame rafiki yake anavyonyanyuliwa. Alitazama mpaka mwisho; siku hiyo, kwa ombi la Amandine, mzee hakupewa dawa. Mzee alipiga, alilia, akatua. Kisha mgeni akauliza kwa upole.

"Binti yangu, mbona mnamshusha kimya?"

"Hatukukuwa kimya, Papa," Généreuse akajibu. "Tulikuwa tunaongea."

"Mlikuwa mnaongea na nani?"

Généreuse akifika hapa anakunja kitambaa cha buluu, anakikunjua, anakikunja tena. "Hapo njo niliona haya," anasema. "Kila siku niko naongea juu ya kichwa yake, na yeye hakuna mutu anamwambia iko anaanguka wapi."

Siku hiyo hiyo jioni Abdulsultan alisimama nyuma ya bega la Gaétan na kusema yale maneno, moja baada ya jingine, bila haraka. Mkono wa kulia wa mzee ulipanda wenyewe ukashika usukani usiokuwepo. Akashuka mpaka kitandani macho yamefumba, uso umelegea. Kwamboka, ambaye hulia hata kwenye harusi za watu asiowajua, alitoka nje.

Lakini Mississauga si jirani, na mzee hunyanyuliwa asubuhi, mchana na jioni. Ndipo Généreuse akafundishwa. Usisimame mbele, simama nyuma. Usipandishe sauti. Usiseme basi kabla hajasimama kweli. Usimwachie nafasi ya ukimya hata ukikohoa. Alifanya mazoezi ndani ya basi akirudi Malvern, na anakiri abiria wawili walihama viti.

Akamwendea muuguzi mkuu kuomba dawa isimamishwe. Jibu likawa: isimamishwe kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Mzee akimpiga mtu yeyote kabla ya hapo, dawa inarudi na haitaondolewa tena.

Zamu zake hakuziogopa. Aliogopa siku zake za mapumziko. Siku hizo alikaa na simu mkononi hata kanisani, na Destin alimuuliza kwa Kiingereza kama kuna mtu amekufa. Ikabidi amfundishe Kwamboka, Kwamboka akawafundisha wa zamu ya jioni, na leo kuna Wafilipino wawili na Mjamaika mmoja kwenye ghorofa hiyo wanaosema polepole kwa lafudhi ambayo Tanga wangeisikia wangekaa chini. Mwezi ukaisha bila kofi. Dawa ikafutwa.

Mzee Gaétan sasa anakunywa supu yake mwenyewe. Amandine anasema Jumapili moja alimwonyesha kwa kidole ziwa, akamuuliza kama meli imeshaonekana. Anaitaja siku hiyo kama wengine wanavyoitaja siku ya kuzaliwa.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Gaétan hamtambui Abdulsultan. Kila Alhamisi anampokea kwa heshima, "Bonjour, monsieur," anapokea kahawa, na anamuuliza kama amekuja kutengeneza bomba. Abdulsultan anamjibu kwamba bomba liko sawa. Amekuwa akija hivyo kwa miezi, na hajakosa.

Leo pia ni Alhamisi, na amekaa kando ya dirisha lenye ukungu wakati mzee anatua kitini. Généreuse ameshasema nyumbani. Anaanza kulegeza mikanda. Mzee anafungua macho, anapeleka mkono wake nyuma juu ya bega, anaupapasa mpaka anaupata mkono wa Généreuse, na kuupigapiga mara kadhaa kama mtu anayempongeza mwenzake mwisho wa kazi.

"Merci, Sultan," anasema.

Kalamu ya mwandishi wa makala haya ilisimama hapo, na haoni haya kusema hivyo. Généreuse alimtazama Abdulsultan, akainama kumrekebisha mzee. "Papa Gaétan, Sultan iko pale..."

Abdulsultan aliinua kidole kumzuia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na alikuwa anatabasamu.

"Mwache, mama. Sultan ni yule anayemshusha."

Septemba Généreuse anatarajia kuanza masomo ya uuguzi, ya jioni. Anataka siku moja awe yeye anayewapokea wahudumu wapya, na somo la kwanza ameshalipanga. Atawaweka wenyewe ndani ya mbeleko, awapandishe hewani, kisha anyamaze, wajue inavyokuwa.

Mchana Abdulsultan anajiandaa kurudi. Viatu vyake vya theluji viko mlangoni, na magoti siku hizi yanamsumbua. Anashika ukuta kutafuta kiti kilicho nyuma yake, asichokiona.

"Na mimi je?" anauliza, nusu utani. "Mimi ndiye niliyekuwa nikisema. Zamu yangu ikifika, nani ataniambia niko wapi?"

Généreuse ameshafika nyuma ya bega lake.

"Polepole, Papa," anasema. "Nyuma kidogo. Polepole. Niko hapa, sitanyamaza."