Nusu ya Taa za Krismasi

Kaka yangu alipotutumia taa za Krismasi kutoka Dar es Salaam, mama alizitangaza mtaa mzima wa Mkomaindo kabla hata hajafungua boksi. Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumwagika nchini, na vijana wa Masasi wakaacha mikorosho wakaenda Kariakoo kuuza chochote kinachobebeka. Kaka aliondoka baada ya kugombana na baba, akaapa kwamba atakaporudi atakuwa na duka. Sasa alikuwa ametuma taa, pamoja na ujumbe kwamba sikukuu atakula nyumbani. Kwa mama, taa zile ndizo zilikuwa duka lenyewe. Alialika majirani, Wakristo kwa Waislamu, waje kuziona jioni ya mkesha, lakini hasa alitaka baba azione.

Nilizichomeka jioni ile jenereta ya mji ilipowashwa. Nusu ikawaka, nyekundu na kijani. Nusu ikabaki giza. Mama akanigeukia mimi. Alisema nimezivuta kwa nguvu wakati wa kuzikunjua, kwamba sijawahi kushika kitu kikasalimika. Niliapa sikuzivuta, lakini nilikuwa najisemea peke yangu. Nililala na hasira kifuani.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, nikakaa barazani kutafuta balbu iliyoungua. Nilishaambiwa kwamba balbu moja ikifa inazima wenzake wote wa upande wake, kwa hiyo nilizichomoa zote za upande uliokufa, moja moja, kwa kucha. Vijiwaya vyake vyembamba vilinichoma vidole. Mchana umeme haukuwapo, nikachukua betri mbili za radio ya baba zilizokuwa zimelazwa kwenye mkeka wa korosho, nikawa nagusisha balbu hapo. Hakuna iliyowaka. Nikajaribu nyingine, na nyingine, zote kimya. Basi nikasema liwalo na liwe, nikazikusanya kwenye sinia nikaenda kuzimwaga jalalani.

Baba aliporudi kutoka shambani Chiwata alizitia betri zile kwenye radio asikilize taarifa ya habari. Radio ikakoroma, ikanyamaza.

“Mawe haya yamekufa tangu juzi,” alisema, kwa utulivu ulionikera. “Nimeyaanika tu, labda yatanipa habari za leo.”

Nyumbani kwetu betri zilianikwa pamoja na korosho, zipate nguvu kidogo, jambo nililolijua tangu utoto. Na bado nilikuwa nimezifanya hakimu wa taa, siku yenyewe ya mawingu. Nilitaka kulia. Nikarudi jalalani, nikapekua majivu na maganda ya mihogo huku manyunyu yakinilowesha mgongo, nikaziokota balbu zile, nikazifuta kwa khanga na kuanza kuzirudisha kwenye waya.

Kaka alinikuta katika kazi hiyo. Alikuwa amekonda, shati jipya likimpwaya. Alimwamkia baba shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha kaka akaja kukaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini taa zina nini. Nikamweleza kwa uchungu kwamba nusu haiwaki, na kwamba kwa mujibu wa mama, mharibifu ni mimi.

“Hukuziharibu, mdogo wangu,” alisema, akiutazama mlango. “Nilizinunua hivyohivyo. Bei ya nzima sikuiweza.”

Nikamuuliza, na duka je? Akatikisa kichwa. Nilitamani kumchapa kwa waya ule. Siku mbili za kusemwa, vidole vimetoboka, na yeye alijua tangu Kariakoo.

Jioni majirani wakajaa uani. Mama akachomeka mwenyewe. Nusu ikawaka, watoto wakashangilia, kisha wakubwa wakaanza kuitazama ile nusu nyingine. Baba naye aliitazama, akamtazama kaka kwa muda mrefu, akauliza kama taa hizi zilitoka dukani kwake zikiwa nzima.

Kaka aliinama, akaanza kukunja mikono ya shati lake jipya.

“Nilizivuta mimi,” nikasema. “Siku ya kwanza, nilipokuwa nazikunjua.”

Mama akawaambia majirani kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Baba alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti kingine karibu na chake, akamwambia kaka akae.